Nani anakula LUKU yetu? Shajara ya kupima chaja, soketi na vinginevyo

Mwanzo wa Agosti 2024. Mradi umetokea wapi

Nyumba ni ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam, vyumba sita, mita moja. Kila mwezi tunachangishana hela ya umeme, wenye friji wanaongeza kidogo, na kila mwezi LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakata kabla ya siku tuliyoipangia. Safari hii mama mwenye nyumba ametoa tangazo: mtu akitoka azime soketi zote, na chaja isionekane ukutani bila simu. Atakayekaidi ataongezewa mchango. Amesoma kwenye grupu moja la WhatsApp kwamba chaja iliyoachwa ukutani "inanyonya" usiku kucha kama friji.

Nimemwomba aniachie nipime kwanza kabla hatujaanza kutozana faini. Amekubali kwa sharti moja: nisiguse wala nisifungue mita. Haki yake, na mimi sina hata hamu ya kuifungua.

Swali ninaloandika juu ya daftari: je, chaja na soketi zilizoachwa zimewashwa ndizo zinazokimbiza uniti zetu? Kama siyo, ni nini?

Siku hiyohiyo, usiku. Bei kwanza

Niiandike hesabu ya bei hapa mara moja nisiirudie kila ukurasa. Sisi tuko daraja la T1, la matumizi ya kawaida. Uniti moja (kilowati-saa moja) ni Sh292, ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika Sh356. Ndiyo maana ukinunua umeme wa elfu kumi unapata uniti 28 na pointi kidogo. Walioko D1, yaani matumizi madogo ya nyumbani, wanalipa Sh100 kabla ya makato hayo mpaka wafike uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni Sh350. Sisi vyumba sita kwenye mita moja hatuwezi kukaa chini ya 75 hata tukilala gizani.

Halafu kuna kodi ya jengo, Sh1,500 kwa mwezi, ambayo inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Elfu kumi ya tarehe moja inatoa karibu uniti 24, elfu kumi ya tarehe kumi inatoa 28. Kaka wa chumba cha mbele alinionyesha risiti zake mbili za namna hiyo akiwa na uhakika kabisa kwamba uniti nne zilizopungua zimeliwa na chaja ya jirani yake. Uniti hazikuliwa na mtu. Hazikununuliwa tangu mwanzo. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu, maana nadhani nusu ya ugomvi wa nyumba hii unaanzia kwenye risiti, hauanzii ukutani.

Jumamosi asubuhi. Kitaa chekundu

Huhitaji kifaa chochote kuanza. Kwenye uso wa mita yetu, chini ya namba, kumeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa chekundu kikimulika mara elfu moja, uniti moja imeondoka. Kwa hiyo mmuliko mmoja ni wati-saa moja. Hesabu sekunde kati ya mmuliko na mmuliko, gawa 3600 kwa hizo sekunde, unapata wati zinazotumika nyumba nzima kwa wakati huo. Zikipita sekunde 36, mnatumia wati 100. Mita ikiwa imeandikwa 1600, badala ya 3600 tumia 2250. Ikiwa 3200, tumia 1125.

Nimewaomba wenzangu waniazime nyumba kidogo kabla watu hawajatoka. Kila kitu kikachomolewa, mafriji yakiwemo, taa zote zikazimwa. Kisha nikazunguka chumba hadi chumba nikiwasha swichi za soketi zote, zikiwa tupu. Tukasimama barazani, watu wazima kwa watoto, tukikodolea macho mita.

Haikumulika. Kitaa kilitulia tu, kama kinavyotulia kwenye mita hii kusipokuwa na mzigo.

Wala haishangazi. Soketi iliyowashwa bila kitu ndani yake ni njia isiyofika popote. Umeme upo pale kwenye matundu, wa kutosha kukuua, lakini haupiti, na mita haihesabu umeme uliopo, inahesabu unaopita. Soketi zenye kitaa cha neoni kwenye swichi zinatumia kidogo sana, sehemu ndogo ya wati moja. Hizo tunazo mbili tu nyumba nzima.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo mtu yeyote anaweza kuifaidi kwake. Umechomoa kila kitu, mein swichi bado imewashwa, na kitaa kinaendelea kumulika? Hapo ama kuna kitu umekisahau, ama waya unavuja mahali ukutani, ama kuna mtu amejiunganisha kwako. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Kwetu hakikumulika, tukaendelea.

Tukachomeka chaja tano za simu, hazina simu. Tukasubiri. Watoto wakachoka wakaenda zao. Kitaa bado kimya. Dada wa chumba cha nyuma, ambaye ndiye anayesemwa zaidi kwa kuacha chaja, akapiga vigelegele.

Nikamwambia asubiri kidogo. Mita za aina hii zina kiwango cha chini cha kuanza kuhesabu. Mita ya daraja la kwanza yenye mkondo wa msingi wa ampea 5 inatakiwa ianze kuhesabu kwenye miliampea 20, ambayo kwa volti 230 ni wati 4.6 hivi. Chini ya hapo inaruhusiwa kunyamaza. Lakini friji ikiwa inanguruma na taa zinawaka, mzigo wa chaja unaingia kwenye jumla na unahesabiwa kama mwingine wowote. Ukimya wa mita ulituthibitishia kwamba chaja tano kwa pamoja hazifiki wati tano. Kujua ni wati ngapi hasa, kunahitaji kipimo kingine.

Jumapili. Kipima wati

Rafiki yangu, fundi wa majokofu, ameniazima kipima wati cha kuchomeka ukutani: unakichomeka kwenye soketi, kifaa unakichomeka juu yake, kinakuandikia wati. Kina udhaifu wake. Chini ya wati moja hakiaminiki. Chaja ya simu yangu iliandika 0.0, na ya dada 0.0, na sikubali kwamba ni sifuri kweli.

Ujanja ni kukipa kwanza mzigo wa kukiamsha. Nimeweka balbu ya LED kwenye ekstensheni: 8.7. Nikaongeza chaja kumi, zote nilizoweza kukusanya nyumbani, za simu na mbili za laptop, bila chochote mbele yake: 9.5. Tofauti ni wati 0.8 kwa chaja kumi, yaani wastani wa 0.08 kwa moja.

Sasa hesabu. Wati 0.08 mara saa 720 za mwezi ni wati-saa 58 hivi, karibu asilimia sita ya uniti moja. Shilingi ishirini kwa mwezi. Chaja zote kumi zikikaa ukutani mwezi mzima bila kutolewa, ni shilingi mia mbili, tugawane watu wa vyumba sita. Faini aliyoipendekeza mama ingetosha kuziacha chaja hizo ukutani kwa miaka.

Kuchaji simu kwenyewe ni jambo kubwa zaidi kuliko kuacha chaja, na bado ni dogo. Betri ya mAh 5000 inabeba wati-saa 19 hivi, ukutani zinatoka kama 25 kwa sababu ya joto linalopotea njiani. Ukijaza kila siku, ni robo tatu ya uniti kwa mwezi.

Katika mkusanyiko wa chaja nilitenga moja: chaja nzito ya taa ya dharura ya kizamani, ile ambayo ukiiangusha inatoboa sakafu. Ilikuwa imechomekwa nyuma ya kabati na ni ya moto ukiigusa. Peke yake: wati 1.9. Hiyo moja inakula kuliko chaja zote kumi za kisasa mara mbili na zaidi. Uniti 1.4 kwa mwezi, karibu Sh490, na taa yenyewe iliharibika zamani.

Jumanne jioni. Kwa nini ya zamani inakula na mpya haili

Hii nimeandikia hasa wale wanaosema "lakini baba alituambia tuchomoe chaja". Baba hakukosea kwa zama zake.

Chaja ya kizamani ndani yake ina transforma: bonge la chuma lililozungushiwa nyaya za shaba. Uzi wa upande wa ukutani umeunganishwa na umeme saa zote. Simu iwepo isiwepo, mkondo unapita kwenye uzi huo, chuma kinasumakishwa na kusumakuliwa mara hamsini kwa sekunde, na kila mzunguko unaacha joto. Ndilo joto unalolisikia mkononi. Njia nyepesi kuliko zote ya kujua chaja inayokula bila kazi ni kuishika baada ya saa nzima ikiwa haina simu. Baridi, iache. Vuguvugu, ichunguze.

Chaja ya leo haina bonge hilo. Ina saketi inayokatakata umeme kwa kasi kubwa na kuupitisha kwenye transforma ndogo kama ncha ya kidole, na ikiona hakuna simu, inasinzia: inaamka kwa kipande kidogo sana cha sekunde, inajaza kapasita, kile kihifadhi kidogo cha umeme, inalala tena.

Mabadiliko haya hayakuja kwa huruma ya watengenezaji. Alan Meier wa Lawrence Berkeley National Laboratory, kule California, na wenzake walikuwa wakipima umeme unaoliwa na vifaa "vilivyozimwa" na kuonyesha kwamba katika nchi tajiri ulifika kati ya asilimia 5 na 10 ya matumizi ya nyumbani. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati likapendekeza kila kifaa kilichozimwa kisizidi wati moja. Umoja wa Ulaya ukaligeuza sheria: wati moja kuanzia 2010, nusu wati kuanzia 2013 kwa vifaa vingi vya nyumbani, na tangu 2020 chaja ndogo isiyo na mzigo isizidi wati 0.1. Kwa kuwa ni nadra kiwanda kutengeneza saketi moja ya Ulaya na nyingine ya Tabata, chaja iliyokuja ndani ya boksi la simu yako ya karibuni huenda imefuata sheria hiyo.

Vifaa vingine havikufuata. Ndiyo sehemu ya mradi iliyonifurahisha zaidi.

Alhamisi usiku. Ving'amuzi na sabufa

Nyumba ina ving'amuzi vitatu na sabufa mbili. Kila mtu anazima kwa rimoti, taa inageuka nyekundu, analala akiamini kimezimwa.

King'amuzi cha kaka wa chumba cha mbele kikiwa kinaonyesha mpira: wati 9.8. Akabonyeza rimoti, kikawa "kimezimwa": 8.9. Nikarudia nikidhani kipima kimekwama. Ni 8.9. Rimoti imezima picha na kuwasha taa nyekundu, basi. Ndani, kila kitu kinaendelea: kinapokea mawimbi na kinalisha umeme ile LNB, kichwa cha kunasa mawimbi kilichoko kwenye dishi juu ya bati. Viwili vilivyobaki vilitofautiana naye kwa pointi tu. Runinga zenyewe, za bapa, hazikuwa na hatia: hakuna iliyofika wati moja ikiwa imezimwa kwa rimoti.

Sabufa ni habari ileile ya bonge la chuma. Ukiizima kwa rimoti, spika zinanyamaza, kitaa cha bluu kinabadilika rangi, transforma inaendelea kupata moto: wati 6.1. Ukizima kwa swichi iliyo nyuma, sifuri. Lakini nani anapinda mgongo kutafuta swichi ya nyuma saa sita usiku?

Nikasubiri watu walale. Nikasubiri tena mafriji yote mawili yanyamaze kwa pamoja, jambo ambalo linataka subira, kisha nikakaa mbele ya mita na saa ya simu. Mmuliko hadi mmuliko, sekunde 58. Ni wati 62 zinazoondoka nyumba nzima ikiwa usingizini: taa mbili za nje za ulinzi zinachukua 18, vilinda friji viwili kama wati mbili na ushee, runinga, vitu vidogovidogo. Waliobaki ni ving'amuzi na sabufa.

Ijumaa nikawaomba wote wazime hivyo vitano kwenye soketi ukutani, siyo kwa rimoti. Usiku nikarudi kwenye mita. Dakika mbili na nusu na kidogo kati ya mmuliko na mmuliko. Wati 23.

Tofauti ya wati 39. King'amuzi kimoja kinachotazamwa saa nne kwa siku kinakula uniti 5.3 kwa mwezi katika saa ambazo hakuna anayekitazama. Vitatu, uniti 16. Sabufa mbili, uniti 8. Jumla 24, kama Sh8,500 kila mwezi, kwenye nyumba inayotumia uniti 240 hivi. Sehemu moja ya kumi. Nikakumbuka asilimia za akina Meier nikacheka peke yangu barazani. Walipima nyumba za watu wenye vitu vingi, na sisi vitu vichache vya kizamani vimetufikisha palepale.

Kwa hiyo mama hakukosea aliposema kuna kitu kinanyonya usiku. Amemkamata asiye mwizi.

Pingamizi limeshatokea. King'amuzi kikizimwa ukutani kinachelewa kuwaka, na wapenda tamthilia wanasema watapitwa na mwanzo. Nimewaambia wawashe wanapoanza kukoroga uji. Wawili wamekubali, mmoja anasema atafikiria.

Jumapili ya wiki iliyofuata. Wakubwa wenyewe

Nilikuwa nimepanga kuishia kwenye vitu vilivyozimwa, lakini kipima bado kiko kwangu, na ni upuuzi kusaka wati tisa huku wati elfu moja mia tano zinapita mlangoni.

Hita ya ndoo, ile koili ya kutumbukiza. Ndoo ya lita 20, kupandisha joto la maji kwa nyuzi 20, inahitaji karibu nusu uniti. Ndoo moja. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu ingekaa miezi minane kufikia hapo. Na Dar es Salaam, tena Agosti, sawa, asubuhi kuna kaubaridi, lakini kuna mtu humu ndani anaoga maji ya moto Januari. Sitamtaja.

Pasi sitaiandikia mengi. Ya wati 1000 haivuti mfululizo, inakata na kurudi. Piga nguo za wiki nzima mara moja badala ya kuipasha upya kila asubuhi kwa shati moja.

Friji nilizipima kwa siku nzima nzima, maana zinawaka na kuzima. Ya dada wa chumba cha nyuma, ndogo, uniti 1.1 kwa siku. Ya pili, uniti 2.3. Hiyo ni uniti 69 kwa mwezi, zaidi ya Sh24,000, zaidi ya robo ya umeme wote wa nyumba.

Hiyo ya pili ni ya mama mwenye nyumba. Ndiyo anayogandishia barafu za ukwaju na ubuyu anazowauzia watoto wa shule.

Jumatatu. Ripoti

Nimekwenda na daftari. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umemkamata?"

Nilianza na chaja kwa makusudi. Nilimpa mkononi chaja ya simu iliyokaa ukutani tangu asubuhi, ya baridi, kisha ile nzito ya taa ya dharura. Akaiachia upesi. Sikuhitaji kumwelezea wati.

Halafu nikamwambia lile ambalo nadhani ni sababu halali ya kuchomoa chaja, ingawa haihusiani na LUKU. Niliwahi kupasua chaja moja iliyokufa, ya bei ya chee ya mtaani, isiyo na jina wala alama. Upande wa volti 230 na upande unaokwenda kwenye simu vilitenganishwa na nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Chaja nzuri inaacha milimita kadhaa pale, na ina kizuizi. Chaja kama ile, juu ya godoro, na mtoto kalala pembeni, hiyo ichomoe, tena itupe. Vilevile umeme ukikatika. Wakati wa mgao wa umeme, mwisho wa 2023 hadi mwanzo wa mwaka huu kabla mashine za kuzalisha umeme za Bwawa la Nyerere hazijaanza kuwashwa, tulizoea umeme kurudi kwa kishindo, na ulioua runinga ya chumba cha tatu ulirudi namna hiyo. Soketi iliyozimwa ingeiokoa. Mama akasema basi tangazo lake libaki, libadilishwe sababu. Nikasema sawa, ila faini iondoke. Imeondoka.

Ikabaki friji. Nilichukua noti ya elfu mbili, nikaibana kwenye mlango wa friji yake nikaufunga, nikaivuta. Ikatoka yenyewe bila kukwama hata kidogo, pembe ya juu na ya chini. Mpira wa mlango umekakamaa. Hewa ya joto inaingia mchana kutwa, mashine hainyamazi. Pia imebanwa kabisa na ukuta, na kule nyuma vumbi limeota kama sufi.

"Hilo friji nimelinunua wewe uko chekechea," akasema. Nikasema ndiyo mama, ndiyo maana mpira umechoka.

Tumekubaliana hivi. Friji imevutwa mbele na nyuma yake imefagiliwa leoleo. Fundi wa majokofu anakuja Alhamisi kuangalia kama mpira wa aina hiyo unapatikana Kariakoo, na atachukua kipima wati chake akishaniachia siku mbili zaidi za kupima baada ya mpira mpya. Mchango wa friji hautakuwa tena wa makadirio: kila friji italipiwa uniti zake zilizopimwa mara Sh356. Dada wa chumba cha nyuma, kwa hesabu hiyo, amekuwa akilipa zaidi ya anachotumia, na ameomba arudishiwe. Mama amesema hilo lijadiliwe mwezi ujao.